Mgonjwa Wangu Kagoma Kula

Jamani, nyie mnaolala hadi jua litoke, mna raha gani? Mwenzenu saa kumi na moja alfajiri nipo uani, nimechuchumaa, namkanda kuku. Ndiyo, kuku. Namkanda kwa mafuta ya alizeti. Wapangaji wanapita na ndoo zao kwenda kuoga, wananisalimia kwa adabu isiyo ya kawaida. Mama watoto kasimama mlangoni na khanga yake kifuani. "Mgongo unaniuma tangu Ramadhani. Nikikuambia unikande, unasema umechoka."

Ningejibu nini? Nikaendelea kukanda.

Msicheke kabla hamjajua kuku ni wa nani. Katoka Singida, kaja na basi, zawadi ya mama mkwe. Kuku wa Singida si mnawajua, mtu akiandika jina hilo kwenye kibao cha supu hapa Dar, anauza hadi mifupa. Angekuwa wa kununua sokoni, akijikunyata tu nanoa kisu, jioni tunakula wali. Huyu nimchinje vipi, na mwenyewe anapiga simu kila jioni kumuulizia? "Shikamoo mama." "Marahaba. Kuku anaendeleaje?" Na mimi nina mafua, sauti imekauka, anaisikia kabisa. Kapita nayo hivyo hivyo.

Alianza kwa kujikunyata. Manyoya yamesimama, mabawa yameshuka, jicho moja kafumba. Nikamwekea pumba, hataki. Chenga za mchele, hataki. Dagaa wa Mwanza, tena wale ambao mimi mwenyewe huwa nahesabiwa mezani, kawaangalia, kanigeuzia mkia. Nikamshika, weee, anawaka! Nikachukua kipimo cha homa cha mtoto, nikakibana chini ya bawa. 41! Nikapiga yowe. Binadamu akifika 41 si mnaanza kuwapigia simu ndugu wa mbali? Kuku kwenye kikapu, kikapu kwenye bodaboda, mbio hadi duka la dawa za mifugo.

Kijana wa dukani kanisikiliza hadi mwisho, halafu kanijibu kwa sauti ya kusikika hadi nje. Mzee, kuku joto lake ndilo hilo, hata akiwa mzima anacheza hapo hapo kwenye 41. Wateja wakaangalia pembeni. Sasa mimi ningejuaje? Shuleni tulifundishwa sehemu za panzi. Kichwa, kifua, tumbo. Kwenye kuku hatukufika.

"Umemchanja kideri?" Nikamwambia anipe dawa yake tu, nimechoka. Kumbe kideri hakina dawa, kina chanjo, tone moja jichoni, unarudia kila baada ya miezi mitatu, na anachanjwa akiwa mzima. Halafu chupa moja ina dozi za kuku kibao, na ukishaichanganya haikai. Mimi ninaye mmoja! Zinazobaki niwawekee wapangaji? Basi kamgeuza, kamfunua mkia, kamkagua. Haharishi kijani, shingo haijapinda, hakoromi. Kampapasa chini ya shingo, akachukua kidole changu akakiweka pale. Pagumu kama mpira wa makaratasi. "Hili gole, limeziba. Usiku linakuwa limejaa, asubuhi linatakiwa liwe tupu. Atakulaje, na chakula cha juzi bado kipo hapa?" Mafuta kidogo mdomoni, gole likandwe polepole, vyakula vikavu marufuku. Maji tone kwa tone pembeni ya mdomo, maana yakiingia njia ya hewa umemuua. Hilo la mwisho kalisema ananikazia macho. Nadhani anamfahamu mama mkwe.

Basi uuguzi ukaanza, na kila mtu mtaani akawa daktari. Huyu shubiri mwitu, huyu mwarobaini, yule pilipili kichaa, mwingine majivu. Mzee wa nyumba ya jirani kaleta ndimu na tangawizi. Nikamuuliza, za mgonjwa? "Hapana, za mchuzi. Nimekuja mapema tu."

Uji nampa kwa bomba la sindano. Anaubana mdomoni, ananitazama, anatikisa kichwa, pwaa, shati lote la kazini. Kwenye daladala konda kaniuliza kama nimetapikiwa, abiria wa pembeni kahama siti. Kazini bosi kataka kujua kwa nini nachelewa. Nauguza, bosi. Nani? Ulimi ukakwama. Nikasema ni mgonjwa wa nyumbani, upande wa mama mkwe. Si uongo! Saa nane wakanijia na bahasha. Wamechangishana. Mhasibu, ambaye hata harusi hachangi, kachangia, tena machozi yanamlengalenga. Kaniuliza, "Anakula lakini?" Nikamwambia hali, ndugu yangu, hali kabisa. Ningeirudisha vipi bahasha? Mafuta ya alizeti mnajua bei yake?

Gole likaja kulainika. Nikachemsha yai, nikamsagia kiini, maana wanasema ni laini na kina nguvu. Mama watoto akashika kiuno. "Unamlisha mwanawe?" Mimi chai yangu siku hiyo ni ya rangi, na kiporo cha ugali. Kuku kiini hakutaka. Jioni nimepakua wali maharage, nimekwenda kunawa mara moja, narudi nakuta kasimama juu ya stuli, anakula sahani yangu. Nikataka kumfukuza. Nyumba nzima wakanipigia kelele: muache mgonjwa ale! Nikasimama na mikono yangu imelowa, namsubiri ashibe. Sasa pumba hataki tena. Anataka sahani, na anataka niwe karibu.

Mama mkwe kapewa taarifa kabla yangu. Kapiga kufurahi, kanishukuru, kwa mara ya kwanza tangu nioe kaniita mwanangu. Nikavimba kichwa. Halafu kaniambia Jumamosi niwahi stendi ya Mbezi, kuna kikapu kinakuja na basi. Jogoo. "Anakohoakohoa kidogo, lakini nimesikia mkono wako una dawa."