Kwa Mgeni Anayekuja Kufumbua Fumbo la Hyrax Hill

Diski ya Phaistos imekushinda kuisoma, hati ya Voynich imekuchosha, na sasa umesikia kwamba nje kidogo ya Nakuru kuna mwamba wenye safu za vishimo visivyojulikana umri. Karibu. Panda matatu ya kwenda Lanet, umwambie makanga akushushe Hyrax Hill. Ni kilomita nne hivi kutoka mjini, na urahisi unaishia hapo.

Usihesabu vishimo. Utaambiwa ni vya kuchezea bao, lakini mtu aliyefunga safari na daftari hataki bao. Anataka kalenda, ramani ya nyota, au salamu kutoka Misri. Ukianzia kushoto utapata siku za mwezi, ukianzia kulia utapata mwaka uliozaliwa. Mwamba haubishi. Kipimo cha kaboni huonyesha umri wa vitu vilivyowahi kuwa hai, na kishimo ni jiwe lililopungua tu. Kwa hiyo kila nadharia hapa huishi hadi uzeeni.

Kisha utaonyeshwa mashimo ya Sirikwa, yale makubwa ya mviringo. Angalia usitumbukie, wametumbukia wengi, tena wenye digrii. Wazungu wa mwanzo waliyatazama wakaamua ni nyumba za watu walioishi chini ya ardhi, kana kwamba kuna mwenye akili zake angelala shimoni wakati wa masika. Mary Leakey alichimba kilimani hapa mwaka 1937 na 1938, Merrick Posnansky akachimba Lanet mwaka 1957. Miaka ya 1960 John Sutton alizunguka nyanda za juu za magharibi akiyachunguza mashimo ya namna hii, pamoja na tuta linalokaa karibu na mlango wa shimo. Tuta lilikuwa samadi na taka. Kumbe shimo ni zizi: ng'ombe walilala humo, watu wakalala katika nyumba iliyoshikana nalo, na mavi yakazolewa nje. Ufunguo ulikuwa mlangoni siku zote, ila aliyekuja kutafuta siri hakutaka kuinusa.

Wala usidhani ni mkosi wa Nakuru peke yake. Michael Ventris alipofumbua maandishi ya Linear B mwaka 1952, vibao vingi vya Knossos vyenye maandishi hayo vilikutwa vimejaa hesabu za kondoo.

Wasirikwa wenyewe walikuwa nani, na walikwenda wapi? Wako wanaosema walimezwa na Wamaasai, wako wanaosema ni Wakalenjin wa leo. Swali hilo usilitupe hotelini saa ya chakula cha mchana, maana kila meza ina babu yake na matatu ya mwisho haitakungoja.

Patasi iache nyumbani. Mahali hapa pamelindwa kisheria tangu 1943, na wataalamu wana vishimo vya kutosha vya kubishania.