Manga za Karibuni Zisomwavyo Mina Qaboos

Manga ni hadithi za picha kutoka Japani. Hutoka kwanza sura kwa sura katika majarida ya kila wiki au kila mwezi, kisha sura zipatazo kumi hukusanywa katika juzuu moja. Mfululizo unaoendelea ni ule ambao mwandishi wake hajaumaliza, na aghalabu hata yeye hajui ataumaliza lini. Katika Bandari ya Sultan Qaboos, ambayo wenyeji wa Mutrah huiita Mina Qaboos, wasomaji wa hadithi hizo wanaozungumza Kiswahili wapo wa makundi mawili. Kundi la kwanza ni wajukuu wa waliotoka Unguja na Pemba. Hawa walizaliwa Muscat, wakalelewa na bibi nyumbani na televisheni ya Spacetoon barazani. Kundi la pili ni waliokuja juzi kutafuta riziki kutoka Tanga, Mombasa na Dar es Salaam, wakiwa na manga yao tayari ndani ya simu. Makundi haya hayakubaliani kuhusu pilau, wala mpira, wala nani anasema Kiswahili safi. Yanakubaliana kwamba hadithi ya bahari ihukumiwe na watu wa bahari.

Bandari yenyewe haina budi kuelezwa, kwa kuwa walioko nyumbani bado wanaamini kwamba ndiko linakopakiwa lile friji waliloahidiwa. Makontena yalihamishwa mwaka 2014 yakapelekwa Sohar, zaidi ya kilomita 200 kaskazini-magharibi, na friji, kama lipo, litatokea huko. Mutrah imebaki na meli za watalii wakati wa baridi, jahazi za mbao, mashua za wavuvi, soko jipya la samaki lililofunguliwa 2017, na Al Said, merikebu ya kifalme yenye urefu wa mita 155, inayotia nanga mbele ya watu wote kwa heshima na ukimya. Bandari iliyopunguziwa mizigo huongezewa wakosoaji. Mahali penye bahari nyingi na makarani wachache, fasihi hustawi.

Msimu wa ukosoaji ni kiangazi. Kuanzia Juni hadi Agosti, sheria ya Oman huzuia kazi za juani tangu saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu alasiri. Muda huo umewekwa ili watu wasianguke kwa joto, na hilo ni jema. Matokeo yake ya pili, ambayo sheria haikuyakusudia, ni kwamba mabishano yote makubwa kuhusu manga hufanyika katika saa hizo tatu, kivulini, pembeni mwa chai ya karak ambayo haipoi kwa sababu hakuna kitu kinachopoa.

Neno juu ya juzuu kuwa mpya. Toleo la Kijapani hutangulia. Tafsiri ya Kiingereza hufuata baada ya mwaka mmoja hivi, na kwa baadhi ya mifululizo baada ya miaka. Kiarabu nacho kimeingia safarini kwa nguvu tangu kuanzishwa kwa Manga Arabia mwaka 2021 na kampuni ya habari ya Saudia. Anayetaka kitabu cha kushika mkononi hungoja ndugu aende Dubai, kwenye duka la vitabu la Kinokuniya, Dubai Mall, kiasi cha kilomita 450 kwa barabara. Ndugu huyo hubeba orodha ndefu: manukato, dawa ya mguu ya mzee, chaja, na juzuu. Aliyeagizwa juzuu ya 38 hurudi na ya 8, akaeleza kwa utulivu kwamba 3 haikuonekana dukani.

Manga husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na matoleo ya Kiingereza huweka onyo ukurasa wa mwisho kwamba msomaji ameshika kitabu kinyume. Onyo hilo huko Mutrah halina kazi. Aliyeanza na juzuu amma kabla ya shule ya msingi hufungua manga upande unaofaa bila kufikiri. Wanaopotea ni wachache wa kundi la pili waliosoma shule za kizungu mno, ambao huanzia mwishoni, wakamjua muuaji kabla ya maiti, kisha wakalalamika kwamba hadithi haina mshangao.

Mfululizo unaoongoza kwa kubishaniwa ni One Piece ya Eiichiro Oda, iliyoanza Julai 1997. Inamhusu Luffy, kijana mwenye mwili wa mpira, nahodha wa maharamia, anayetafuta hazina kubwa kuliko zote. Bandarini sifa zake zinajulikana na hakuna anayezirudia; lililopo ni lawama. Lawama kuu ni nchi kavu. Maharamia hao walishuka nchi ya Wano mwaka 2018 wakakaa hadi 2022. Wakatoka hapo wakaingia Egghead, kisiwa cha wanasayansi, wakakaa hadi 2024. Watetezi wa Oda husema kwamba ndani ya hadithi Egghead ni siku chache tu. Jawabu la gatini ni kwamba msomaji haishi ndani ya hadithi. Anaishi Mutrah, na amelipa kodi ya nyumba miaka yote hiyo. Nahodha aliyekaa bandarini muda huo si haramia tena, ni mpangaji.

Juzuu ya 111, ya Machi 2025, ndiyo iliyowatoa Egghead na kuwafikisha Elbaph, nchi ya majitu. Wakosoaji waliipokea kwa tahadhari, maana Elbaph nayo ni nchi kavu. Yumo Loki, mwana wa mfalme wa majitu, aliyefungwa minyororo kwa tuhuma ya kumuua babake, na mtu akifungwa kwenye One Piece huwa hafunguliwi kabla ya juzuu mbili. Kurasa pia zimejaa kama gari la chai maharage la Dar ya zamani saa ya jioni: nyuso ishirini katika picha moja, kila uso una la kusema, na herufi zimekuwa ndogo kiasi kwamba wazee wa miaka thelathini wameanza kutafuta miwani. Hukumu hiyo ni ya haki. Oda wa juzuu za mwanzo aliacha mbingu wazi juu ya bahari, na mbingu hiyo sasa imegawiwa vyumba.

Hata hivyo juzuu hiyo ilisamehewa yote kwa ajili ya Robin. Robin ni mwanachuoni wa chomboni. Alikuwa na umri wa miaka minane kisiwa chao cha wasomi, Ohara, kilipoteketezwa na Serikali ya Dunia. Aliyemwokoa ni jitu liitwalo Saul, ambalo yeye aliamini limekufa. Huko Egghead aliambiwa kwamba Saul yu hai, na kwamba yuko Elbaph. Kabla ya kwenda kumwona anakata nywele zake ziwe fupi kama zamani, Saul asije akashindwa kumtambua. Imepita miaka 22.

Hapo wasomaji wa Mutrah waliacha kubishana. Kisa hicho wanakijua kwa majina mengine. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 familia zilitawanyika, mmoja Cairo, mwingine Dubai, mwingine akabaki Unguja, na wengi walikuja kukutana tena Oman baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka Julai 1970 na kuwafungulia mlango. Ndugu walisimama uwanja wa ndege wakitazamana, kila mmoja akimtafuta mtoto aliyemwacha. Katika nyumba moja mjukuu alimsimulia bibi yake sura hiyo kwa Kiswahili, huku akimwonyesha picha.

"Kakata nywele? Mwenziwe atamjuaje basi?"

"Ndiyo kakata ili amjue, bibi. Alikuwa nazo hivyo hivyo zamani."

"Basi ana akili. Na yeye huyo mkubwa, atajulikana kwa nini?"

"Kwa kicheko chake."

Bibi alisema hilo ni kweli kabisa, watu hujulikana kwa kicheko, akataka kitabu kiachwe palepale. Tangu siku hiyo ndiye mwenye msimamo mkali kuliko wote kuhusu Oda, na hakubali asemwe.

Wa pili ni Hunter × Hunter wa Yoshihiro Togashi, na huu ndio unaopendwa na mabaharia wa kweli, kwa kuwa wahusika wake wamo melini. Ulianza 1998. Juzuu ya 36 ilitoka 2018, ya 37 mwaka 2022, ya 38 Septemba 2024. Togashi anasumbuliwa na mgongo, na hakuna mtu bandarini anayemlaumu. Huko migongo inajulikana. Kinacholaumiwa ni meli. Black Whale iling'oa nanga katika sura za mwaka 2016 hivi, ikiwa na abiria 200,000, na hadi juzuu ya 38 haijafika. Meli ya watalii ikichelewa saa mbili kuingia Mutrah, wenye teksi hupiga simu kila upande. Ya Togashi imechelewa kwa kiwango ambacho hakuna fomu ya kukijaza.

Ndani ya meli hiyo wana kumi na wanne wa mfalme wa Kakin wanauana kwa siri ili abaki mmoja wa kurithi. Kila mmoja analindwa na kiumbe cha kiroho ambacho yeye mwenyewe hakioni. Wasomaji wa nchi nyingine huandikiana maelezo marefu ili wakielewe kiumbe hicho. Mtu wa Pemba husoma mara moja, akasema ni ruhani, akafungua ukurasa wa pili. Maneno katika juzuu hizi ni mengi kupita kiasi, picha zimebanwa pembeni, na msomaji wa kawaida hukata tamaa kwenye mwana wa nne. Wa Mutrah hakati tamaa. Urithi wa ufalme unaogombewa chomboni ni habari ya mtaani kwao.

Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Muscat na Unguja, alifariki baharini Oktoba 1856, safarini kutoka Muscat kurudi Unguja, karibu na Shelisheli. Merikebuni alikuwamo mwanawe Barghash. Walipofika Unguja, Barghash alishuka na maiti ya babake usiku, akajaribu kutwaa utawala kabla mji haujaamka. Hakufanikiwa, ndugu yake Majid akatawala Unguja, ndugu yao mwingine Thuwaini akabaki na Muscat, na ugomvi wao ukaamuliwa 1861 na Lord Canning kutoka India, kwamba nchi mbili zitengane na Unguja iwe inalipa reale 40,000 kila mwaka. Togashi kwa hiyo hajatia chumvi popote isipokuwa katika idadi ya abiria. Tofauti iliyopo ni kwamba merikebu ya Sayyid Said ilifika.

Detective Conan ya Gosho Aoyama haihitaji maneno mengi. Shinichi Kudo alinyweshwa sumu mwaka 1994, akapungua akawa mtoto wa darasa la kwanza. Juzuu ya 107 ilitoka Aprili 2025, naye yumo darasa la kwanza. Waliomjua kwanza kwenye Spacetoon kwa Kiarabu fasaha wakiwa na umri wake sasa wanapeleka watoto wao darasa hilo hilo. Mauaji bado yanapangwa kwa ustadi. Kinachokosekana ni mtu mzima mmoja wa kuuliza kwa nini kila mtoto huyu anapoalikwa mtu hufa. Uswahilini angekwisha kuombewa dua zamani.

Captain Tsubasa ya Yoichi Takahashi, hadithi ya kandanda ambayo Waarabu wote wanaijua kama Kapteni Majid, ilianza 1981. Aprili 2024 ilikoma jaridani, na mwandishi anaendelea kuitoa mtandaoni kwa michoro ya rasimu tu. Mutrah hawakuona tofauti. Mpira uliopigwa utotoni mwao bado uko hewani.

Berserk ina shauri la aina yake. Kentaro Miura alifariki Mei 2021 bila kuimaliza. Rafiki yake Kouji Mori, ambaye Miura alimsimulia mwisho wa hadithi miaka mingi kabla, ndiye anayewaongoza wanafunzi wa marehemu kuichora. Juzuu ya 42, ya 2023, ndiyo ya kwanza kujazwa na kazi yao. Wakosoaji wa mbali hupima mistari ya kalamu. Wa Mutrah waliuliza aliyepokea ni nani, alipokea kwa nani, na je, ni mkweli. Walipojibiwa kwamba Mori ameahidi kuandika alichoambiwa na asiongeze chake, wengi waliridhika, ingawa wapo wanaoshikilia kwamba msimulizi mmoja hatoshi.

Vagabond ya Takehiko Inoue, yenye juzuu 37, imenyamaza tangu 2015 na bado inahesabiwa kuwa inaendelea. Hakuna la kukosoa.

Juzuu zikishasomwa hupelekwa nyumbani na wasafiri, kwa masharti ya uzito, ambapo halua hupita kwanza. Walioko Unguja wajue kwamba One Piece ya 110 ipo njiani ndani ya sanduku la shangazi, imeviringwa kwenye kanga. Ya 111 haiji. Bibi amesema aitakaye aje aisome kwake.