Moshi Mbele ya Baba Mkwe

Ukitaka kulehemu nyaya nyembamba, usimwalike baba mkwe. Si kwamba ana mkono mzito. Shida ni kuwa mkwe haambiwi "subiri kidogo", wala haambiwi "usiguse hapo", na umeme nao haujui adabu za ukweni.

Mzee wangu huyu alikuwa dereva wa garimoshi. Treni za dizeli kwake ni mabasi. Asemapo garimoshi ana maana ya daraja la 59 la Reli ya Afrika Mashariki, yale majitu 34 yaliyoundwa Manchester na Beyer, Peacock mwaka 1955 na 1956, kila moja na tani zake 250 hivi na jina la mlima wake. Mawili yamesalia kwenye Makumbusho ya Reli, Nairobi: Mount Gelai na Mount Shengena. Mzee akifika pale huyasalimu kwanza kwa namba, 5918 na 5930, ndipo amkumbuke mlinzi wa langoni.

Reli yangu mimi ina upana wa milimita 16.5 na imelala juu ya ubao sebuleni. Juu yake pana kichwa cha treni cha Kijerumani kilichopunguzwa mara 87: daraja la 043, ambalo Wajerumani waliliita Jumbo, magurudumu kumi ya kuvuta, likichoma mafuta mazito sawa na la Mzee. Nilikichagua kwa hesabu za kisiasa. Jumbo za mwisho zilizimwa moto huko Rheine Oktoba 1977, mwaka uleule Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na nilidhani hapo tungepata mazungumzo zaidi ya bei ya unga.

Alilitazama likizunguka, mikono nyuma. "Taa zake ziko wapi? Na mbona linatembea moto umezimwa?"

Basi Jumbo akapelekwa Luthuli Avenue kwa fundi wa simu. Nilimkabidhi dikoda, yaani kile kibao kinachopokea amri kupitia reli zenyewe, pamoja na taa za LED, rezista na kifaa cha moshi. Kifaa hicho ni kibomba chenye waya wa kupasha joto ndani yake: unadondoshea mafuta maalumu, yanapata moto, na mvuke unapanda kwenye dohani. Nikamweleza rangi za nyaya: nyekundu na nyeusi za reli, ya chungwa na ya kijivu za mota, nyeupe ya taa za mbele, njano ya taa za nyuma, buluu chanya ya taa zote. Alinisikiliza kwa upole wa mtu asiyesikiliza.

"Hizi ni waya tu, bosi."

Taa alizofunga zilikuwa nyeupe ya kukaribia buluu. Ukiziwasha, Jumbo anakujia na macho ya matatu ya Rongai. Tenda nayo, lile behewa la maji na mafuta nyuma ya injini, kwa kuwa ni ya plastiki na fundi hakuona haja ya kuipaka rangi nyeusi kwa ndani, iliwaka yote.

"Humo mna harusi?" Mzee aliuliza.

Nikabadilisha taa kwa zile za manjano, nikaongeza ukubwa wa rezista, nikapaka rangi. Hapo Mzee alilainika kidogo, akatusimulia jinsi taa ya 59 ilivyosaidia kuwaona tembo usiku kule Tsavo. Tembo hawa huongezeka kila akiwasimulia.

Ikaja siku ya moshi. Watoto walipanga viti. Nilishika bomba la sindano nikiwa na nia ya kutia matone machache tu, maana kifaa kikijazwa sana hakichemki, kinatema. Mzee akalichukua mkononi mwangu.

"Moto wa mafuta hauwashwi kwa matone, mwanangu."

Akajaza hadi juu. Ungemwambia nini? Lakini ubaya mkubwa ulikuwa ulishafungwa kule Luthuli. Ganda la kile kibomba ni chuma, nalo ndilo mguu mmoja wa umeme. Dohani ya Jumbo pia ni chuma, na fundi hakuweka kitu cha kuvitenganisha. Nilipobonyeza, umeme ukapita njia ya mkato. Moshi ukatoka kweli, watoto wakapiga makofi. Ulitoka kwenye tenda, alikokaa dikoda.

Mzee aliinama, akachunguza. "Huko ni kwenye tangi la maji," akasema. "Maji hayatoi moshi."

Mama watoto alifungua madirisha, akahamisha sahani ya chapati, hakuuliza kitu.

Alipofungwa dikoda wa pili, kifaa cha moshi kiliunganishwa kwenye njia yake inayostahimili mzigo. LED haili hata miliampea 10, ilhali kifaa cha moshi huweza kupita 100. Kibomba nacho kikavikwa kizuizi. Safari hii moshi ulipanda dohanini mzito, ukijikunja, ukafika kwenye pazia. Nikasubiri sifa.

"Nani yuko kwenye moto?" Mzee aliuliza kwa ukali.

Ndipo nilipopewa somo. Kwenye injini ya mafuta, moshi mzito ni mafuta yaliyokosa hewa. Ni hasara inayopaa, na inspekta anaiona toka mbali. Anayejua kazi hutoa ukungu mwepesi tu wa kijivu. Moshi mweusi unaruhusiwa pale mchanga unapomwagwa kwenye tanuri kusugua masizi ya mabomba, na hapo uwe mbali na nguo zilizoanikwa kwenye nyumba za stesheni. Kumbe sisi wa vichezeo tunalipa pesa tupate kile ambacho wenye garimoshi walikikwepa maisha yao yote.

Nikapunguza nguvu ya kifaa kwenye mipangilio ya dikoda. Bado. Nikapunguza tena, na tena, mpaka Mzee akatikisa kichwa kukubali. Sasa Jumbo anazunguka na hakuna kinachoonekana juu ya dohani. Wageni huuliza, "Si mlisema hii inatoa moshi?"

"Inatoa," Mzee hujibu kabla sijafungua mdomo. "Moto umekaa sawasawa, ndiyo maana huuoni." Kisha hunigeukia na kuniuliza kama nimejaza mafuta.