Sabufa Inayoguna

Sabufa yangu inaguna. Punguza sauti hadi sifuri, inaguna tu, mmmmm, kama mkwe aliyeandaliwa sato wa kiganja. Mke wangu, mwanakwaya, aliitegea sikio akatangaza kwamba hiyo ni noti ya G, ile ya chini kabisa. Hakukosea sana. Umeme wetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na mwendo huo ndio tunaousikia sebuleni. Marekani ni mara 60, kwa hiyo hata kuguna wanatuzidi sauti.

Ushauri haukukosekana. Shemeji alisema nitupe. Mama mkwe alisema ni wale wadudu wa ziwani, na hapo sikumcheka, maana wakiinuka ziwani kama moshi huingia hata kwenye chai. Nikaifungua. Nilikuta mizoga ya kushibisha kuku wawili. Nikafuta, nikafunga, nikawasha. Mmmmm.

Fundi wa kwanza alikuja na koleo mkononi. "Mzee, nakata huu waya wa kijani na njano, kelele kwisha." Ingekwisha kweli, na ndiyo hatari yake. Waya huo ndio unaoupeleka umeme ardhini siku kifaa kikivuja. Ukiukata, umeme unakaa kwenye bodi kumsubiri atakayegusa. Nilimpa nauli.

Wa pili, kijana mdogo mpole, hakutoa hata bisibisi. Alichomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Kimya! Akaurudisha. Mmmmm.

"Baba, wewe una ardhi mbili."

Nikakaa vizuri, nikidhani analeta habari za kiwanja. Kumbe sabufa imeshikwa na ethi ya nyumba, na dishi nalo liko kwenye bomba la chuma lililosimikwa uani. Ardhi hizo mbili hazilingani kwa umeme, basi tofauti yao inapita kwenye ganda la waya wa dishi, inaingia kwenye king'amuzi, na safari yake inaishia kwenye spika.

Nikauliza kwa nini zisilingane wakati uani na sebuleni ni hatua kumi. Akanipeleka nyuma ya nyumba, akafukua. Fimbo ya ethi, ambayo nililipia nzima, ilikuwa imezama kama mkono mmoja, ikagonga jiwe, na aliyeifunga akaukata urefu uliobaki kwa msumeno akafukia. Sisi wa Mwanza tunajisifu kwa Jiji la Miamba, Jiwe la Bismarck tunalitundika ukutani kwenye kalenda, lakini mwamba haupitishi umeme kama udongo wenye unyevu, na hatuulizani nyumba zetu zimeshika nini huko chini.

Kijana alipata udongo kwenye migomba, maji ya kuogea yanapoishia, akapigilia fimbo mpya hadi ikazama yote. Akaliunga bomba la dishi kwenye ethi hiyo hiyo kwa waya mnene, kisha televisheni, king'amuzi na sabufa akazichomeka kwenye ekstensheni moja. Alipowasha nilidhani umeme umekatika.

Siku tatu nimeishi kama mtu aliyehamia kwa matajiri wa Capri Point. Jana, katikati ya mechi ya Simba na Yanga, nikasikia ziiiii, nyembamba kama mbu. Nikainama kwenye ekstensheni. Kuna chaja ya simu, ya bei ya barabarani, imechomekwa pembeni ya sabufa.

Nimeuliza ni ya nani. Nyumba nzima imenyamaza, isipokuwa sabufa.