Kesi ya Fundi Bomba na Kalunguyeye

Mario na Sonic wakikutana uso kwa uso, bila refa, bila pedi, bila mtu wa kuwabonyezea vitufe, nani atamlaza mwenzake chini? Nyumbani kwetu Shard End, mashariki ya Birmingham, swali hili limepoza ugali mara nyingi kuliko baridi yenyewe. Mwanangu mkubwa ni wa Sonic. Mdogo ni wa Mario. Mama yao hana chama. Mimi, kwa kuwa ndiye mlipa bili ya umeme, nimefanywa hakimu, kazi isiyo na mshahara wala likizo, na ambayo kila hukumu yake hukatiwa rufaa kabla sijamaliza kuitamka.

Mkubwa alianza kwa kunitaka nijitoe kwenye kesi. Hoja yake ilikuwa nzito: baba ni mtu wa Mario tangu utotoni. Ni kweli. Sisi tuliokulia Tanga miaka ya tisini tulimjua Mario vibandani, kwenye zile mashine za kuiga Nintendo. Kaseti imeandikwa kwa majigambo kwamba ina maelfu ya gemu, ukiichomeka unakuta ni zilezile chache zinajirudia kwa majina mapya. Unampa mwenye kibanda hela yako, unacheza mpaka ufe, na kijana aliye nyuma yako kwenye foleni anakuombea ufe mapema. Sonic hatukumwona kabisa. Sega, kampuni iliyomleta, ilitamba huku Uingereza, na mwanangu, mtoto wa Birmingham, anaona nimesoma upande mmoja tu wa jalada. Nilikataa kujitoa. Nyumba ya vyumba viwili haina hakimu wa akiba.

Tukaanza na wasifu wa washitakiwa. Mario alitokea mwaka 1981 katika gemu ya Donkey Kong, kazi ya Shigeru Miyamoto wa Nintendo, na wakati huo alikuwa seremala. Masharubu yale si ya urembo: nukta za kuchorea uso zilikuwa chache mno, mdomo haukuweza kuonekana, ikabidi pua na masharubu vibebe sura nzima. Kofia nayo ni ya kukwepa kuchora nywele. Ufundi bomba aliupata mwaka 1983, katika Mario Bros. Na jina alipewa la Mario Segale, mfanyabiashara aliyewapangisha Nintendo ghala huko Marekani. Kwa maneno mengine, shujaa wa utoto wangu amebeba jina la mwenye nyumba. Mimi ni mpangaji. Habari hiyo iliniuma kidogo.

Sonic alikuja Juni 1991, na alikuja kwa ugomvi, maana Sega walikuwa wakitafuta sura ya kumng'oa Mario kitini. Mchoraji wake, Naoto Ohshima, amesimulia jinsi alivyobeba michoro yake hadi bustani ya Central Park, New York, akawauliza wapita njia wanampenda yupi, na kalunguyeye akaongoza. Mmoja basi ameumbwa na uhaba wa nukta, mwingine amepita kwa kura. Rangi yake ni buluu ya nembo ya Sega, na viatu vyake vina asili katika buti za Michael Jackson za enzi za albamu ya Bad. Mdogo alisimama hapohapo kuweka pingamizi.

"Baba, mtu aliyevaa viatu vya Michael Jackson amekuja kucheza, hajaja kupigana."

Pingamizi lilikubaliwa. Mkubwa akasema mahakama imenunuliwa.

Kesi ilipofika hapo ikaingia simu ya Tanga. Bibi yao hupiga Jumapili, na husikia kila kinachoendelea, kwa sababu watoto hawapokei simu bila kuiweka spika.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Nasikia makelele. Nani anapigana?"

"Mario na Sonic, bibi."

"Wana wa nani hao? Wazazi wao wameambiwa?"

Nikadakia kueleza kwamba hao ni watu wa kwenye gemu. Mama alinisikiliza kwa upole wanaopewa wagonjwa, kisha akaendelea na uchunguzi wake.

"Huyo Mario anafanya kazi gani?"

"Fundi bomba," alisema mdogo kwa fahari.

"Mashaallah. Ameoa?"

"Bado. Anamtafuta binti mfalme Peach, ametekwa. Kila akifika kwenye ngome anaambiwa yuko ngome nyingine."

"Tangu lini?"

"Tangu 1985."

Kikapita kimya. "Mjukuu wangu, huyo binti hakutekwa. Huyo binti hamtaki."

Mkubwa alifurahi hadi akasahau kwamba zamu yake inakuja.

"Na huyo wa pili?"

"Sonic, bibi. Yeye anakimbia."

"Anakimbia nini, madeni?"

"Anakimbia tu. Anakusanya pete."

"Pete ngapi?"

"Hata mia."

"Na mke?"

"Hana."

Mama alicheka mpaka laini ikakwaruza. "Ya Rabi! Mmoja anatafuta mke na hana pete, mwingine ana pete mia na hatafuti mke. Wapigane wa nini? Wakae chini wauziane."

Sijasikia uchambuzi wa soko la gemu ulioupita huo, na wenye kampuni walikuwa wameshautekeleza zamani. Mwaka 2001 Sega walitangaza kuacha kutengeneza mashine, na kabla mwaka haujaisha Sonic alikuwa ndani ya Game Boy Advance ya Nintendo, mpangaji katika nyumba ya hasimu wake. Mwaka 2007 wawili hao wakatoka bega kwa bega kwenye gemu ya Olimpiki ya Beijing. Wenye mali walikaa chini, wakauziana, wakaenda zao benki. Walioachwa vitani ni wanangu.

"Lakini walishapigana kweli," alisema mkubwa, na hakukosea. Katika Super Smash Bros. Brawl ya mwaka 2008 Sonic aliingizwa ulingoni na Mario, na sisi tunalo toleo la 2018. Ubaya ni kwamba mle ndani anayeshinda ni mwenye pedi. Mkubwa akimshika Sonic, Sonic anashinda. Wakibadilishana, Mario anashinda, na mdogo analia akiwa na shujaa yeyote yule. Kisha mama yao alikuja kuuliza nani ameacha taulo ngazini, akapewa pedi kwa mzaha, akamchagua Peach, akabonyeza vitufe vyote kwa pamoja, akawatupa wote wawili nje ya ulingo, akarudi kuulizia taulo. Tulikubaliana kwamba gemu haiwezi kuwa ushahidi. Bibi alipopewa habari kwamba Peach amewachapa wote, alisema tu, "Nilisema mimi."

Ikabaki kuchagua uwanja. Mkubwa alitaka jangwa. Nikasema hapana, Shard End, na msicheke. Jeff Lynne wa Electric Light Orchestra alikulia hapa, na katika wimbo wao All Over the World wa mwaka 1980 aliitaja Shard End kwenye safu moja na miji mikubwa ya dunia, Tokyo ikiwamo. Tokyo ndiko kwa Sega. Kama tumeshatajwa pamoja, hatuna sababu ya kuomba ruhusa ya mtu kuandaa pambano.

Uwanja wenyewe, lakini, haumpendelei mwenye mbio. Sehemu kubwa ya nyumba za hapa ilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili, na magari yameegeshwa nusu barabarani nusu kwenye njia ya miguu. Sonic achomoke kwa kasi ya sauti, hatapita nyumba tatu kabla hajakutana na mtu anarudi nyuma na gari bila kutazama kioo. Mwaka 2025, wazoataka wa Birmingham walipogoma, mifuko njiani ingetosha kutengenezea toleo zima la Mario, ambaye kuruka vitu ndiyo riziki yake. Sonic aseme ataikimbilia barabara kuu ya M6, iko jirani; karibu, tukae wote foleni. Na kama anaringa kwamba amezoea njia za mizunguko, basi ajaribu makutano ya Gravelly Hill, yaliyofunguliwa mwaka 1972, ambayo wenyewe huyaita Spaghetti Junction. Ninamwona kabisa amesimama pembeni, pete mkononi, anauliza njia ya kwenda Walsall.

Halafu kuna maji. Mto Cole unapita hapa ndani ya hifadhi ya Kingfisher, bwawa tunalo, na mvua haihitaji kutajwa. Sonic hajui kuogelea. Katika gemu zake akizama huanza kuhesabiwa pumzi za mwisho kwa muziki ambao umewaharibia usingizi watoto wa vizazi viwili. Mario huogelea na ovaroli, kofia na viatu vyake, na akitoka amekauka. Mdogo aliomba kesi ifungwe.

Mkubwa akasema kasi ya Sonic haijawahi kupewa haki yake, na kwamba anaweza kuthibitisha. Nilipoahirisha shauri kidogo ili niende msalani, mahakama ilihamia jikoni. Nilichokikosa nimesimuliwa na pande zote mbili, na kwa mara ya kwanza maelezo yao yanalingana. Mdogo alipanda juu ya kiti. Mkubwa alijikunja akabiringika sakafuni. Mario akaruka, Sonic akapita chini yake, akaingia miguu mbele kwenye kabati la chini ya sinki, na kisigino kikachomoa bomba la maji machafu. Sinki lilikuwa limejaa: sufuria la pilau lilikuwa limelowekwa tangu mchana. Yote yakamshukia. Nilipofika, shujaa wa kasi alikuwa ameketi dimbwini, karafuu sikioni, na mdogo yuko juu ya kiti tena, kanyoosha kidole.

"Umeona, baba? Hajui kuogelea!"

Mwenye nyumba alikuja na fundi siku ya pili yake. Mdogo alimkagua fundi kwa masikitiko: hana masharubu, hana kofia nyekundu, na amekuja kwa gari badala ya kuchomoza kwenye bomba. Hata hivyo alimpa nafasi. Akamuuliza, Mario na Sonic, wewe wa nani? Fundi, chali chini ya sinki, alijibu bila hata kufikiri: Sonic.

"Lakini Mario ni fundi mwenzako!"

"Ndiyo maana. Miaka yote hii sijamwona akikaza nati hata moja. Anaingia kwenye mabomba ya watu, anapasua matofali kwa ngumi, anaokota hela, anaondoka."

Mwenye nyumba alitikisa kichwa kukubali, kisha akazungusha macho kukagua matofali ya jikoni.

Ushahidi wa fundi ulimfufua mkubwa, na kesi ingebaki sare kama si jirani yetu, mama mmoja Mwingereza, mtu mzima, ambaye jioni za kiangazi huweka sahani ya chakula cha paka nyuma ya nyumba kwa ajili ya kalunguyeye. Wa kweli, wa miiba, asiye na viatu. Wamepungua sana nchini humu, na mwaka 2020 waliingizwa kwenye orodha ya mamalia walio hatarini kutoweka. Watoto walipompelekea shauri lao, mama yule hakutaka hata kusikia swali likimalizika. Kumpiga kalunguyeye, aliwaambia, ni jinai.

Nikaenda kusoma mwenyewe. Ipo sheria ya kulinda mamalia wa porini ya mwaka 1996, inayomtia hatiani mtu ambaye, kwa nia ya kumtesa mnyama bure, atampiga, atampiga teke, atamchoma moto, atampiga mawe, atamponda au atamzamisha majini. Nilisoma orodha ile mara ya pili, polepole. Mateke ni ya Mario. Moto wa kurusha ni wa Mario. Kuponda kwa kumrukia mtu utosini ndiyo kazi ya maisha yake. Miaka mitano tu baada ya Sonic kuzaliwa, Bunge la Uingereza lilikaa likaharamisha mkoba mzima wa fundi bomba mmoja. Adhabu ni faini, au kifungo hadi miezi sita.

"Sonic si mnyama wa porini," alisema mdogo. "Anavaa viatu."

"Hana suruali," alijibu mkubwa.

Hoja ya suruali ndiyo iliyonishinda, nikaandika hukumu. Pambano litafanyika Shard End, kando ya mto Cole, kati ya Aprili na Oktoba, kwa sababu wakati wa baridi kalunguyeye hulala na si uungwana kumwamsha mtu ili apigwe. Mario atashinda kwa msaada wa maji. Akishashinda atakamatwa palepale. Sonic atarudishiwa pete zake, na atapata chakula cha paka kwa jirani hadi apone. Gharama za bomba zitakatwa kwenye hela ya matumizi ya pande zote mbili. Binti mfalme Peach yuko huru kwenda atakako.

Pande zote zimekata rufaa kwa Bibi, Tanga, na shauri litasikilizwa Jumapili. Msomaji mwenye ushahidi mpya anakaribishwa kuuleta kabla ya hapo, mradi auleze kwa mdomo na akae mbali na sinki.