Watu 212 na Kalamu Moja

Kijana ametoka Beni, mwendo wa kama kilomita 50, ameshuka Butembo kusoma Université Catholique du Graben, chuo kilichofunguliwa mwaka 1989. Wiki ya kwanza hajui maktaba iko upande gani, lakini tayari yumo katika magrupu 6 ya WhatsApp.

Grupu ya promosyo, yaani darasa lake, ina adabu zake. Asubuhi watu 40 wanaandika “Bonjour la famille”. Mtu akiuliza mtihani ni saa ngapi, familia nzima inaishiwa betri. Salamu ni kwa Kifaransa, swali kwa Kiswahili. Lawama, hizo zinashuka kwa Kinande, tena kwa sauti, dakika 3, jogoo akiwika nyuma. CP, mkuu wa promosyo, akiandika “urgent” tu, mega zinakwisha kwa vidole gumba vya kumpongeza kabla hajasema cha haraka ni nini.

Mama anapiga simu kutoka Beni: umeshapata marafiki?

“Wengi, mama. 212.”

Jirani wa benchi, anayempa kalamu kila siku, kijana hajui anaitwa nani. Kwenye simu amemwandika “Kalamu”. Na kalamu ya leo hajairudisha.