Jinsi ya Kuwa Chembe Nyekundu ya Damu: Usia kwa Seli Changa

Mwanangu, seli shina wa ubohoni, umefika umri wa kushika kazi, basi kaa nikupe usia. Kwanza ujue ulichorithi. Kiini chako kina DNA ile ile iliyomo katika seli ya jicho, ya ini na ya ngozi. Maelekezo ya kutengeneza insulini unayo. Ya protini inayonasa mwanga jichoni unayo pia, na hutayatumia hata siku moja. Seli hubobea kwa kufunga jeni nyingi ili chache zifanye kazi usiku na mchana. Vitabu vyetu vya shule vingekueleza haya mapema, lakini huchora seli moja kama yai la kukaanga, kiini katikati na majina pembeni. Mwanafunzi hukariri, hufaulu, asijue kwamba mwilini mwake seli ya namna hiyo haipo. Kinachosisimua ni jinsi seli moja inavyozaa aina zote hizi, na hicho ndicho kinachoachwa.

Kazi hii hujiteui, unaitwa. Wenye kuita ni figo: oksijeni ikipungua humwaga homoni iitwayo erithropoietini. Ukijaliwa kuishi ndani ya mkimbiaji aliyetoka pwani akahamia Iten nchini Kenya, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, utaitwa upesi. Homoni isipofika, seli zilizoanza safari hii hufa kabla ya kukomaa. Ndiyo maana mgonjwa wa figo hupungukiwa damu, akachomwa sindano za homoni hiyohiyo.

Ukishaitika, protini iitwayo GATA1 itafungulia jeni za himoglobini. Gawanyika mara nne au tano, kisha usogee karibu na makrofaji, seli kubwa ambaye ninyi wachanga humzunguka awatunze. Vuta madini ya chuma kutoka kwenye damu na ujaze himoglobini mpaka ufikishe molekuli zipatazo milioni 270. Kila molekuli hubeba oksijeni nne.

Sasa linakuja lile gumu. Itabidi utupe kiini.

Kibane kwanza kidogokidogo mpaka jeni karibu zote zinyamaze. Kisukume upande mmoja hadi kiguse utando, kaza protini zako nyuma yake, ukiache kichomoze nje kikiwa kimevikwa utando mwembamba, halafu ukate. Yule makrofaji aliyekulea atakimeza papo hapo. Baadaye ondoa na mitokondria, usije ukatumia mwenyewe oksijeni uliyokabidhiwa kuwapelekea wengine; nishati yako itatoka kwenye glukosi, bila oksijeni. Kuku hafanyi hivi. Chukua tone la damu yake, lipake kwenye kioo, ulitie rangi ya Giemsa inayotumika maabara kupima malaria: kila chembe nyekundu itaonyesha kiini cha zambarau katikati. Damu ya binadamu, kwenye kioo hichohicho, itaonyesha visahani vyekundu vilivyopauka katikati, kwa kuwa hapo ndipo penye bonde.

Fikiri vizuri kabla hujakata, maana wenzako wenye kiini bado wana njia ya kurudi. Mwaka 1962 Mwingereza John Gurdon alichapisha jaribio ambamo alichukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, akakipandikiza kwenye yai la chura lililoharibiwa kiini chake, na baadhi ya mayai hayo yakatoa viluwiluwi vilivyoogelea. Jeni za utumbo zilikuwa zimefungwa tu, hazikupotea. Mwaka 2006 Mjapani Shinya Yamanaka akairudisha seli ya ngozi ya panya kwenye hali ya uchanga kwa jeni 4. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2012. Lakini wewe ukishakata, hakuna maabara itakayokurudisha, kwa kuwa hutakuwa na cha kufunguliwa.

Sifa yako sasa ni kunyumbulika. Upana wako ni mikromita 7 au 8, na vipo vishipa vyembamba kuliko wewe, jikunje upite. Na malaria ikikuingia hutaweza kupiga kelele. Seli nyingine zikivamiwa hutoa juu ya utando vipande vya mvamizi ili kinga izione. Wewe huna jeni za kuagiza kazi hiyo. Kimelea hujificha ndani yako kikila himoglobini, na baada ya saa 48 hivi hukupasua.

Kama umezaliwa ndani ya mtoto mwenye selimundu, nisikilize kwa makini zaidi. Herufi moja ya jeni ya beta-globini imebadilika. Ukishatua oksijeni, himoglobini zako zitashikana ziwe nyuzi ndefu, utapinda, utakakamaa, utaziba kishipa, na mtoto atalia kwa maumivu ya mifupa. Utaishi siku 10 hadi 20 badala ya 120. Mtoto huyo hakurogwa. Mama yake asisimangwe, kwa sababu baba amechangia sawasawa naye. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria, na ndiyo maana imeenea sana kwetu Afrika.

Na hapa zile jeni zilizofungwa zinakuwa na maana kubwa. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini nyingine isiyoshikana kuwa nyuzi, na baada ya kuzaliwa jeni yake hufungwa. Vidonge vya haidroksiurea huifungua kiasi. Mwaka 2023 Uingereza iliidhinisha tiba inayohariri seli shina zenyewe ili ifunguke zaidi, na Marekani ikafuata. Huko bei yake inazidi dola milioni 2 kwa mgonjwa. Wagonjwa wengi wa selimundu wanaishi Afrika, na bei hiyo ni dhuluma kwao. Angalau haidroksiurea isikose kwenye zahanati.

Ukifika siku ya 120 utando wako utakuwa umechoka, na makrofaji wa bandama au ini watakuchukua. Usibabaike, uboho hutoa chembe mpya milioni 2 hivi kila sekunde. Rangi yako itageuka bilirubini, iende kwenye nyongo, iishie kukipa choo rangi yake ya kahawia. Chuma usikipoteze, kirudishe chote: uboho unahitaji kama miligramu 20 kwa siku, na chakula huleta 1 au 2 tu.